Genge Iko Kwa Sheria za Grammy, Lakini Wasee wa Genge Hawako

Tyla amebeba tena. Jumapili ya Februari 1, 2026, kule Los Angeles, huyu dem wa Johannesburg alitangazwa mshindi wa Best African Music Performance na ngoma yake Push 2 Start. Wenye alikuwa anapambana nao si watu wadogo. Burna Boy alikuwa na Love. Davido na Omah Lay walikuja na With You, Ayra Starr na Wizkid wakaleta Gimme Dat, na jirani yetu Eddy Kenzo alikuwa hapo na Hope & Love, kolabo yake na Mehran Matin. Wote wakarudi mikono mitupu. Jumatatu asubuhi ukifungua simu kwa mat ukienda job, wasee wa Lagos na wasee wa Joburg walikuwa washashikana mashati. Sisi Wakenya tulikuwa kwa hiyo vita vile tunajua kuwa: pembeni, tukitengeneza memes.

Sina shida na memes. Hiyo ndio tuzo moja tungechukua kila mwaka bila mpinzani. Lakini kuna kitu inanikera kuhusu hii tuzo na sioni ikiongelewa hapa Kanairo.

Rudi nyuma kidogo. Juni 2023, Recording Academy, wale wenyewe wa Grammy, walitangaza kwamba Afrika itapata tuzo yake kuanzia mwaka wa 2024. Kwa maelezo ya hiyo tuzo waliandika majina ya mitindo yenye inakubalika. Afrobeats iko. Amapiano iko. Highlife, fuji, kizomba na ndombolo ziko. Bongo Flava iko. Na hapo katikati, bila mtu kuwaomba, wakaandika genge.

Soma tena. Genge. Ile kitu Clemo alikuwa anapika Calif Records, Nonini akijiita godfather, Jua Cali akirusha mistari ya Sheng na kila mtoto wa Eastlands anajua neno kwa neno. Wazazi walikuwa wanazima redio ikianza kucheza. Walimu walisema inaharibu Kiswahili cha mtihani. Leo hilo jina liko kwa makaratasi ya Grammy. Kama ungeambia msee wa California estate hiyo stori mwaka wa 2003 angekuuliza umevuta nini.

Sasa kuja kwa hesabu. Hii tuzo imepeanwa mara 3. Kila mwaka nafasi ni 5, kwa hivyo jumla ni nafasi 15. Kati ya hizo 15, Mnaijeria yuko ndani ya 12. Mwaka wa 2024 zilikuwa 4 kati ya 5, na wa tano alikuwa Tyla. 2025 zote 5 zilikuwa na Mnaijeria, hata ile ya Chris Brown, kwa sababu alikuwa na Davido na Lojay. 2026 zikashuka hadi 3. Nafasi mbili ni za Tyla. Moja ni ya Kenzo wa Uganda. Ukijumlisha umemaliza 15. Genge iko kwa sheria, mwenye genge hayuko kwa list. Bongo Flava pia wako kwa hiyo shimo, na hao wako na Diamond.

Kitu kingine hiyo hesabu inaonyesha ni noma zaidi kwa Wanaijeria. Nafasi 12, ushindi 1, wa Tems na Love Me JeJe mwaka wa 2025. Tyla ameteuliwa mara 2 na ameshinda mara 2: Water, halafu Push 2 Start. Burna Boy ameteuliwa miaka yote 3 na hajapata. Davido pia yuko ndani ya miaka yote 3, patupu. Na hakuna mwanaume amewahi beba hii tuzo. Waache vijana wa Afrobeats wabishane nani ndio mfalme, malkia wawili wanagawana sanamu.

Kwa nini Tyla? Jibu la mafans wa Naija ni kwamba Wamarekani wanampenda kwa sababu muziki wake uko karibu na R&B yao. Kuna ukweli hapo, si wivu tu. Water iliingia hadi nambari 7 kwa Billboard Hot 100, na alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika Kusini wa kuimba solo kuingia hiyo chati tangu Hugh Masekela mwaka wa 1968. Hiyo ni miaka 55. Wakati msee anapiga kura huko Atlanta au Nashville, anatafuta jina lenye ameshaskia kwa redio ya gari yake. Na ukiweka Wanaijeria wanne au watano kwa karatasi moja, kura zao zinagawanyana, yule wa pembeni anapita katikati. Hayo ya kugawana kura ni maoni yangu, Academy haitoi hesabu ya nani alipata ngapi, lakini cheki vile uchaguzi wetu huendaga ukiwa na wagombea watatu kutoka sehemu moja.

Hapa ndio wengi wetu hatuelewi hii mchezo. Tumezoea tuzo za kupiga kura kwa simu. Unatumiwa link na msanii, unabonyeza, unaambiwa piga tena kesho, mbogi yote ya mtaa inabonyeza na mwenye ako na mafans wengi anaenda nyumbani na kitu ya kuweka kwa kabati. Grammy haijui kitu kama hiyo. Wewe na mimi hatuna kura. Kura ni ya wanachama wa Academy wenye haki ya kupiga kura: waimbaji, waandishi, maprodyuza, mainjinia, watu wenye kazi yao imerekodiwa na majina yao yako kwa kazi. Kuwa mwanachama unahitaji watu wawili wa hii kazi wakupendekeze. Halafu kila mpiga kura ana mipaka, mbali na zile tuzo kubwa sita anaruhusiwa kuchagua kwa tuzo 10 tu. Kwa hivyo kuna wengi hawafiki hata kwa karatasi ya Afrika.

Na kabla ya kura kuna kitu ndogo yenye inatumaliza: lazima mtu atume ngoma. Ngoma haijitumi. Lebo inaituma, ama mwanachama anaituma. Lazima iwe imetoka ndani ya kipindi fulani. Ya mwaka huu ilikuwa kuanzia Agosti 31, 2024 hadi Agosti 30, 2025. Lazima iwe imetolewa sokoni Marekani, na siku hizi kuweka kwa mitandao ya kustrimu kunatosha. Halafu makaratasi yake yawe sawa: nani ameandika, nani ameprodyuzi, nani amemiksi.

Cheki sasa nani ako nyuma ya hao wasanii. Tyla yuko Epic, iliyo chini ya Sony. Tems yuko RCA, pia Sony. Davido, Columbia. Burna, Atlantic. Ayra Starr yuko Mavin, na Universal walinunua sehemu kubwa ya Mavin mwaka wa 2024. Hao wote wako na ofisi Amerika zenye watu wanalipwa mshahara kukumbuka tarehe za kutuma. Wewe msanii wa Umoja, meneja wako ni binamu yako, na mwezi wa Agosti mko Machakos mnatafuta shoo ya ngiri kumi.

Hiyo ya makaratasi ndio ngumu kuliko zote, na sitaki kuipita haraka. Chukua arbantone. Kati ya 2023 na 2024 hiyo sauti ilishika hii mji yote. Kina Tipsy Gee na Gody Tennor walikuwa kwa kila nganya kutoka Rongai hadi Kayole. Utamu wake ni gani? Ni kuchukua ridim ya dancehall ya zamani ama ngoma ya Kenya ya zamani na kuweka mistari mipya juu. Inagonga sana, hakuna mtu atabisha. Lakini ukiuliza kama mwenye ile ngoma ya kwanza ameombwa ruhusa, stori inaanza kupoteza mtandao. Na ngoma bila ruhusa ni ngoma yenye inaweza kutolewa YouTube wakati wowote mwenyewe akiamka vibaya. Lebo gani itaweka ganji yake kusukuma kitu kama hicho huko nje?

Linganisha na Tems. Love Me JeJe imejengwa juu ya ngoma ya Seyi Sodimu ya mwaka wa 1997, tena wazi kabisa, hadi jina ni lile lile. Ni mchezo ule ule wa arbantone. Tofauti ni kwamba mwenyewe alitambuliwa kwa maandishi, na ngoma ikaenda Los Angeles ikarudi na sanamu. Kwa hivyo mtu asiniambie shida ya arbantone ni kukosa ubunifu. Shida iko kwa karatasi.

Na karatasi imeshatuuma kitambo, kabla hata mama zetu wazaliwe wengine wetu.

Mwaka wa 1966 Miriam Makeba na Harry Belafonte walishinda Grammy ya muziki wa folk na albamu yao ya An Evening with Belafonte/Makeba. Kwa hiyo albamu kuna ngoma inaitwa My Angel. Kwa mabano wameandika jina lake la kwetu: Malaika. Ndio, ile Malaika. Ile unaskia kila harusi, ile watalii wanaimbiwa hotelini Diani mpaka wafanyikazi wenyewe wamechoka nayo. Fadhili William, kijana wa Taita-Taveta, ndiye aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 60 na jina lake likabaki kwa hiyo ngoma. Adam Salim wa Tanzania alisema maisha yake yote kwamba yeye ndiye aliitunga, tena miaka ya 40. Huo ubishi haujawahi isha. Watu wa Nairobi na watu wa Dar bado wanaweza kukosana juu yake jioni moja na chai ikapoa. Lakini Grammy yenyewe ilienda Marekani na Afrika Kusini, miaka 60 iliyopita, na Kiswahili ndani yake.

Ikatokea tena. 2011, Baba Yetu ya Christopher Tin ikawa muziki wa kwanza wa gemu ya video kushinda Grammy. Ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, ile ile tulikariri Sunday school. Mtunzi ni Mmarekani. Kwa albamu yenye ilishinda, waimbaji ni Soweto Gospel Choir. Afrika Kusini tena! Hawa watu wanashinda Grammy na lugha yao, halafu wanashinda na lugha yetu.

Ndio maana nikiskia mtu anasema Wakenya hawawezi kushinda kwa sababu Sheng haieleweki, mimi hucheka. Usiku ule ule Tyla ameshinda, Bad Bunny wa Puerto Rico alibeba Album of the Year na albamu ya Kihispania kutoka mwanzo hadi mwisho. Hajatafsiri kitu. Hajaweka kibwagizo cha Kiingereza ndio waelewe. Ni kweli Wamarekani wengi wanaongea Kihispania na sisi hatuna hiyo bahati, sikatai. Ila mistari ya Wakadinali hata hapa nyumbani kuna watu wa Lavington hawaielewi na bado wanaruka. Lugha si ukuta kama vile tunaambiwa.

Kwa haki, si ati Wakenya hatujawahi fika karibu kabisa. J.S. Ondara, kijana wa Nairobi aliyehamia Minneapolis mwaka wa 2013, aliteuliwa kwa Grammy za 2020 na albamu ya Tales of America. Lakini cheki kitengo: Americana. Gitaa na sauti, kwa njia ya kina Bob Dylan. Alienda kuwashinda Wamarekani kwa mchezo wao wenyewe na nusura afaulu, heshima kwake. Hakuna mtu angesema hiyo ni genge.

Halafu kuna Sauti Sol. Wako kwa Time Flies, ngoma ya Burna Boy kwa albamu ya Twice as Tall, na hiyo albamu ilishinda Best Global Music Album mwaka wa 2021. Wakenya tulisherehekea hiyo wiki ni kama Harambee Stars wamechukua Kombe la Afrika. Lakini sanamu ni la Burna. Kwa tuzo ya albamu, kuwa mgeni kwa ngoma moja hakukupi la kwako. Ni kama kualikwa harusi ukaingia kwa picha kubwa ya familia; picha utakuwa nayo, lakini si wewe umeoa.

Mwenye ananipa moyo na kuniumiza kwa wakati mmoja ni Eddy Kenzo. Huyu si mtu wa lebo kubwa. Alijulikana duniani mwaka wa 2014 na Sitya Loss na wale watoto wa Ghetto Kids wakidansi kwa vumbi. 2015 akachukua tuzo ya BET ya kupigiwa kura na mashabiki. 2023 akateuliwa kwa Grammy na Gimme Love, yeye na Matt B, Mganda wa kwanza kufika hapo. 2026 amerudi, sasa kwa kitengo cha Afrika chenyewe. Hajabeba, lakini mara mbili ndani ya miaka mitatu kutoka Kampala si bahati. Angalia vile anafanya: anatafuta mtu ambaye ameshakaa ndani ya huo mfumo, wanatoa kitu pamoja, makaratasi yanaenda kwa njia ya huyo mtu. Hiyo si siri. Ni kitu prodyuza yeyote wa hapa mwenye pasipoti na barua pepe anaweza kujaribu. Nyumbani kwao ndiye anaongoza shirikisho la wanamuziki, na kuna watu Kampala hawapendi vile ako karibu na serikali, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa nyumbani kwetu. Uliza hivi: kama kesho Academy wangepiga simu wakasema wanataka kujua ngoma 5 kali za Kenya za mwaka uliopita, wangeangalia wapi? Afrika Kusini wana SAMA tangu 1995. Naija wana Headies tangu 2006. Tanzania walianza tuzo zao 1999, zile tulikuwa tunaita Tuzo za Kili. 2014 Diamond akabeba 7 usiku mmoja, zikalala baada ya 2015, zikafufuliwa 2022. Zina kelele zao, kila mwaka kuna lebo imenuna, lakini zipo na zimeandikwa.

Sisi tulikuwa na Kisima. Pete Odera na Tedd Josiah walizianzisha mwaka wa 1994, yaani kabla ya Wasauzi kuanzisha za kwao. Tulikuwa mbele! Zikalala, zikaamka, zikalala tena, na sasa ukiongea Kisima kwa mtu wa miaka 19 anafikiria ni shule. Gospo walijipanga na Groove, wakawa na yao. Wale wa muziki wa mtaa wakabaki na tuzo za hapa na pale, nyingine zinakuja na mdhamini na zinaondoka na yeye. Tuzo ya nyumbani si ya kupiga picha na suti tu. Ndio inalazimisha watu waandike nani alitoa nini mwaka gani na nani aliprodyuzi. Kizazi chote cha gengetone, kutoka Lamba Lolo ya Ethic mwaka wa 2018 hadi Wamlambez ya Sailors 2019, kilipita kama upepo. Hawa wasee walibadilisha sauti ya nchi. Ukitaka kuthibitisha hiyo kwa mgeni, utamwonyesha nini? Views za YouTube.

Na usidhani hii ni stori ya sifa. Ni ya doh. 2019 chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilituma pesa kwa wanachama wake, na wengi walipata Ksh 2,530 kila mmoja. Mbili na punch, kwa kazi ya kuchezwa redio, hoteli, mat na supermarket. Kuna wasanii wakubwa waliweka hiyo meseji ya M-Pesa mtandaoni wakicheka kwa uchungu. Msee wa chapo na madondo karibu na stage hutengeneza hiyo kabla ya saa sita mchana.

Halafu angalia Nonini, huyo huyo godfather wa genge. 2023 korti iliamua alipwe shilingi milioni 1 kwa sababu ngoma yake ya We Kamu ilitumika kwa tangazo la biashara bila ruhusa. Aliweza kwa sababu angeweza kuonyesha hiyo ngoma ni yake. Milioni moja kutoka kwa kesi moja, dhidi ya ngiri mbili na kitu kutoka kwa mfumo mzima. Karatasi ile ile inayokosa kwa Grammy ndio inakosa ukienda kudai haki yako hapa River Road. Ndio maana sikubaliani na wale wanasema Grammy ni ya wazungu, tuachane nayo, mtaa unatujua inatosha. Mtaa unakujua, sawa. Mtaa haulipi keja.

Juni 2024 Academy walitangaza kwamba wanaingia Afrika na Mashariki ya Kati kwa makubaliano na wizara na wadau wa nchi kadhaa, na Kenya ilikuwa kwa hiyo list. Nimejaribu kufurahi. Kenya tukiskia makubaliano na wizara tunajua kwanza kutakuwa na picha za kushikana mikono, kisha mkutano wa hoteli wenye chai na mandazi ya bei, na msanii wa Dandora ataskia habari yake kwa Instagram wiki mbili baadaye. Kama hiyo kitu ni ya ukweli, iende chini. Fundisha maprodyuza wa Eastlands kusajili kazi. Saidia hata 20 wawe wanachama wenye kura, kwa sababu sasa hivi wenye wanaamua genge ya mwaka ni watu hawajawahi panda mathree ya Umoinner. Wasee 20 hawawezi kushinda kura ya Wamarekani maelfu, najua. Lakini wanaweza kutuma ngoma, na wanaweza kupendekeza wengine wa kuwafuata, na hivyo ndivyo Lagos ilianza kujaa huko ndani.

Na jambo dogo kwa wenye walikesha wakingoja kuona Tyla kwa shoo kubwa: hii tuzo hupeanwa kwa sherehe ya mchana, kabla ya ile ya TV yenye nyota wote wamekaa na zulia jekundu limejaa. Hata ukishinda, unashinda kwa ukumbi wa pembeni. Afrika imepewa kiti, lakini bado iko kwa veranda. Wanaijeria wamelalamika juu ya hiyo na wako sahihi. Sisi hatuwezi hata kulalamika, hatujafika verandani.

Kipindi cha Grammy zijazo kilifunguliwa Agosti 31, 2025. Maana yake kila ngoma imetoka Kenya tangu hapo tayari iko ndani ya muda: zile za Bien, za Wakadinali kama wametoa, za yule kijana ulimskia jana kwa nganya na bado hujui jina lake. Dirisha la kutuma litafungwa kabla ya mwaka kuisha. Mwenye ako na prodyuza wake karibu amuulize leo kama jina lake liko kwa makaratasi ya ile ngoma, na limeandikwa vipi.